Kipandikizi Kikichipua, Usikihamishe

Kila mwaka mvua za Novemba zikianza, iwe Urambo, Sikonge au Kasulu, watu hutoa vipandikizi (vijiti vilivyokatwa ili vioteshwe) vya mtugutu, kichaka cha uzio, kwenye kitalu na kuvipanga kuzunguka uwanja. Ikifika Januari, uzio wote ni vijiti vikavu. Lawama anabeba mchwa, wakati mara nyingi mchwa amekuta kijiti kimeshakufa.

Kosa lenu ni kuhamisha mara tu mnapoona majani.

Naelewa linakotoka. Mkulima wa tumbaku amezoea mche wa mbegu, na mbegu hutanguliza mzizi ndipo jani lifuate. Kwa hiyo ukiona majani manne, mizizi ipo. Kipandikizi kinakwenda kinyume. Kijiti ulichokata kina akiba ya chakula na maji ndani yake. Joto la Septemba likikipata, macho, yaani sehemu zinapochipukia, hufunguka hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Majani hayo yanakula akiba. Ukikipeleka juani siku hiyo, yanapoteza maji kuliko kijiti kinavyoweza kuvuta, na kwenye udongo wa kichanga wa Tabora mvua ikikatika siku chache tu, basi.

Hesabu kwa wiki, usihesabu majani. Majani ya kwanza hutokea wiki ya 2 au ya 3. Mizizi ya kuubeba mmea huhitaji wiki 8 hadi 12. Umuravumba, kichaka kingine ambacho wenzetu wa Burundi hukiita hivyo, huwahi zaidi kwa sababu shina lake ni laini, lakini mtugutu mpe wiki zake zote. Maana yake ukitaka kupanda mwanzoni mwa Desemba, kata wiki ya kwanza ya Septemba. Aliyekata katikati ya Oktoba asubiri Januari, hata jirani akimcheka.

Kata asubuhi, upande asubuhi hiyohiyo. Chagua tawi lisilo na maua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, lenye macho manne au zaidi. Chini kata sawa, chini kidogo ya jicho; juu kata mshazari, ili usije ukapanda kichwa chini (wapo wanaofanya hivyo, tena wengi). Ondoa majani, bakiza mawili ya juu, nayo yapunguze nusu. Fukia macho mawili. Kwenye kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea, weka mchanga wa mto sehemu tatu na udongo wa msitu sehemu moja. Samadi hapana! Jeraha bichi kwenye samadi huoza, ila kila mwaka nakuta mtu amejaza samadi tupu akidhani anakitendea wema.

Viriba vikae chini ya kichanja cha nyasi. Mwagilia mara moja tu kwa siku, asubuhi. Ukifinya udongo na maji yakachuruzika, umezidisha.

Na wewe unayeking'oa kila Jumapili kutazama kama kimeota mizizi, acha. Mizizi michanga inakatika mkononi mwako na hesabu inaanza upya. Kuanzia wiki ya 8 kivute kidogo tu: kikigoma, au ukaona mizizi kwenye matundu ya chini ya kiriba, kiko tayari.

Kabla ya kuhamisha, punguza nyasi za kichanja kidogo kidogo kwa wiki mbili. Panda udongo ukishalowa hadi sentimita 30, si baada ya manyunyu ya siku moja. Toa kiriba bila kuvunja bonge la udongo, na acha sentimita 50 kati ya mche na mche.

Minyaa, mmea mwingine wa uzio wenye utomvu mweupe, ina utaratibu wake. Ikikatwa, iache kivulini siku 5 hadi 7 mpaka utomvu ukauke na jeraha lizibe, ndipo uipande. Haihitaji kiriba wala kumwagiliwa kila siku. Watoto wasiwe karibu wakati wa kukata. Utomvu ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kisha nenda kituo cha afya.