Staki inazingua? Anza kwa kuchambua mchele

Kwanza tuelewane, naongelea kustaki picha za anga, sio kumshtaki mtu mahakamani. Yaani umepiga picha 80 za nebula moja, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, unazilaza moja juu ya nyingine kwenye programu kama DeepSkyStacker au Siril ili chenga, zile punjepunje za picha za gizani, zipungue nebula itokee, unasubiri nusu saa nzima alafu unaletewa uchafu.

Mi nimehangaika sana na hii kitu juu ya paa huku Mbezi na ukweli ni kwamba mara nyingi programu haina kosa, kosa liko kwenye picha ulizoilisha. Kabla hujagusa setingi yoyote fungua picha moja moja, ikuze mpaka asilimia 100, angalia nyota za katikati na za pembeni. Ukipika mchele na mawe yake usilaumu sufuria.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa Januari, Orion iko utosini kabisa, nimepiga picha zangu 80 nikaambiwa kati ya hizo itatumika moja tu. Nikafuta programu nikaiweka upya, wapi. Kumbe nilikuwa na lenzi ya milimita 135 nimeacha sekunde 8 kwenye tripodi ya kawaida isiyofuata nyota, kila nyota imerefuka kama punje ya mchele na programu inatafuta vitu vya duara. Hesabu yake ni hii, chukua 500 gawa kwa urefu wa lenzi, na kama kamera ina sensa ndogo zidisha kwanza huo urefu kwa 1.6 au 1.5. Kwa 135 kwenye sensa ndogo unapata sekunde 2 na kidogo, kwa lenzi ya 50 unapata 6. Na M42, ile nebula ya Orion, iko karibu na ikweta ya anga ambako nyota zinakimbia kuliko kwingine kote, kwa hiyo mi naweka 300 badala ya 500 na silali na mawazo.

Kama nyota ni duara safi na bado picha zinakataliwa, hapo sasa ndo nenda kwenye setingi. DeepSkyStacker ina kiwango cha kutambua nyota, kinaanzia asilimia 10, kishushe kidogo kidogo na kila ukishusha ibonyeze ikuhesabie nyota. Ukipata nyota 3 tu haiwezi kulinganisha kitu, ukipata maelfu ujue inahesabu chenga kama nyota, pandisha.

Sasa joto letu. Fremu za giza, zile unapiga lenzi ikiwa imefunikwa ili programu itoe chenga za joto, lazima ziwe na ISO ileile, sekunde zilezile na joto lilelile la picha zako. Mi nilijifanya mjanja nikazipiga kesho yake chumbani na AC imewaka, staki ikatoka na vidoti vyekundu na bluu kila mahali kama upele. Chenga za joto zinaongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 6 hivi, na usiku wa Dar unajua mwenyewe ulivyo. Zipige palepale juu ya paa ukimaliza kazi, kabla hujashuka. Alafu ukitoa kamera kwenye AC kuipeleka nje lenzi inashika ukungu, na wewe hugundui mpaka asubuhi ukakuta nyota za katikati ya usiku zimevimba zote, kwa hiyo iache ndani ya begi nje nusu saa, na ukianza kupiga mulika lenzi na tochi mara kwa mara.

Flati, zile picha za kusawazisha mwanga wa katikati na pembeni, piga kwa kufunika lenzi na tisheti nyeupe ukielekeza kwenye mwanga ulio sawa, usiguse fokasi wala kuchomoa lenzi. Kama pembe za picha zimekuwa nyeupe kuliko katikati ujue umesahau fremu za bayasi, zile za lenzi iliyofunikwa kwa kasi ya juu kabisa ya shata.

Michirizi ya ndege zinazoshuka uwanjani isikuumize kichwa, chagua njia ya sigma wakati wa kustaki, inayotupa kitu kilichotokea kwenye picha moja mbili tu, itaifuta, ila uwe na picha nyingi, kwa picha 5 haina cha kulinganisha. Mistari ya chenga inayolala upande mmoja kama mvua ya upepo hiyo ni tofauti, hiyo inatibiwa kwa kuisogeza kamera kidogo kila baada ya picha kadhaa, na kila safari upande tofauti.

Wenye mtambo wa kufuata nyota, video nyingi zinasema uulenge kwa kutafuta Polaris, nyota ya kaskazini. Jamani hapa Dar hiyo nyota iko chini ya upeo, huioni milele! Elekeza mhimili wa mtambo kusini, uinue nyuzi 7 hivi, alafu rekebisha kwa kuangalia nyota inahamia wapi.

Na kabla hujabonyeza staki angalia nafasi kwenye diski. Picha moja ya megapikseli 24 ikishafunguliwa rangi kwa biti 32 inakula karibu MB 288, picha 60 ni GB 17, na zikishalinganishwa zinaandikwa upya GB 17 nyingine. Ikitoka nyeusi au ya kijani usifute, bado haijavutwa mwanga tu, kwenye Siril badilisha mwonekano uweke wa kujivuta wenyewe uone kilichomo.