Uso ukipinda ghafla: saa 72 za kwanza, na jicho

Maji ya kusukutua yanachuruzika pembeni mwa mdomo, na jicho la upande huohuo halifumbi. Kwanza mwambie mgonjwa ainue nyusi zote mbili. Paji la uso likibaki bila mikunjo upande uliopooza, huenda ni neva ya uso iliyopooza. Likikunjika sawasawa kote huku mdomo umepinda, au mkono umelegea, au maneno hayatoki vizuri, hesabu ni kiharusi: mkimbizeni hospitali, msipitie popote.

Neva ya uso hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, ikivimba, hubanwa. Si jini. Hata hivyo muone daktari siku hiyohiyo, akague sikio (vipele vya maji ni mkanda wa jeshi, huhitaji na asaiklovia, dawa ya virusi; usaha una tiba yake) na kupima presha, sukari na VVU. Kupooza huku huweza kuwa dalili ya kwanza ya VVU.

Dawa yenyewe ya kupunguza uvimbe huo wa neva ni prednisoloni, ianzwe ndani ya saa 72 tangu uso upinde. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 50 kwa siku, siku 10. Vidonge vya miligramu 5 ni 10 kwa mkupuo, asubuhi baada ya kula. Wengine huuziwa kimoja kutwa mara tatu: hiyo ni miligramu 15, haitoshi. Lakini usijinunulie, kwani hupandisha sukari na huweza kuchochea kifua kikuu kilichojificha.

Jicho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linaloweza kuharibika moja kwa moja. Lisipofumba, kioo chake hukauka na kupata kidonda. Mchana weka matone ya machozi bandia kila saa moja au mbili. Usiku paka mafuta ya macho, shusha kope kwa kidole, kisha ibandike kwa plasta ya karatasi. Usifunike pamba juu ya jicho lililo wazi, italikwaruza. Kwenye bodaboda, na vumbi letu hili, vaa miwani iliyoziba pembeni. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiona ukungu, nenda kliniki ya macho siku hiyo, kwa mfano hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam.

Mashine za kushtua misuli kwa umeme hatuzishauri. Wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki 3. Miezi 3 ikipita uso haujasogea hata kidogo, omba rufaa kwenda Muhimbili.