Jinsi ya Kulegeza Sheria Ulizojiwekea Mwenyewe

Mwuza mitumba wa soko la Kibuye, Kisumu, hufunga kibanda jioni, akalivuta kufuli, akafika stejini, kisha akarudi kulivuta tena, kwa kuwa amejiwekea sheria kwamba lazima livutwe mara saba.

Kabla ya kuivunja sheria ya namna hiyo, jiulize inatoka wapi. Ikiwa unajua kwamba imepita kiasi lakini hofu inakusukuma kuitii, huenda ni ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudiarudia. Ikiwa unaamini kwa dhati kwamba utaratibu wako ndio sahihi na kila mtu aufuate, huo huenda ni ukali wa tabia, ambao mara nyingi huwaumiza watu wa nyumbani kabla ya mwenyewe kuutambua.

Ikiwa ni hofu inayokusukuma, tumia njia ambayo mwanasaikolojia Victor Meyer aliieleza mwaka 1966, yaani kukabili kinachokutisha bila kufanya kitendo cha kujituliza. Anza na jambo dogo. Livute kufuli mara moja, panda matatu, wala usimpigie jirani simu akuangalizie (huko nako ni kulivuta, ila kwa mkono wa mwingine). Hofu itapanda, iache ipande, usibishane nayo, na urudie zoezi hilo kesho na keshokutwa.

Vitendo hivi vikikula zaidi ya saa 1 kwa siku, nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa.