Jinsi ya kufunga mlango wa nyuma wa umeme kwenye stesheni wagoni ya zamani

Mwenye stesheni wagoni ya zamani anayetamani mlango wa nyuma ufunguke wenyewe kwa kubonyeza rimoti huanza kwa kuulizia mota, ilhali kinachopaswa kuulizwa kwanza ni hali ya mlango. Mota haiponyi mlango mbovu. Mlango ambao bawaba zake zimelegea, mpira wake umekakamaa au kitasa chake kimehama kidogo mahali pake ulikuwa ukifungwa kwa sababu mkono wa binadamu unajua kuusukuma kwa nguvu zaidi pale unapogoma. Mota haina hekima hiyo: ikikuta ugumu itadhani imembana mtu, nayo itarudi ilikotoka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, fungua mlango hadi nusu, ushike pembeni na uutikise kushoto na kulia. Ukisikia mlio wa chuma kwenye bawaba, hapo ndipo kazi inapoanzia. Safisha kutu, paka grisi, na ikibidi badilisha pini. Kisha, mkiwa wawili, chomoeni shoki zote mbili, yaani fimbo za gesi zinazoushikilia mlango juu, na muupandishe na kuushusha mlango kwa mikono, taratibu. Unapaswa kwenda kwa ulaini njia nzima bila kukwama, na unapofika chini ulimi wa kitasa uingie kwenye kishikio chake bila kugusa upande wowote. Alama ya mkwaruzo kwenye kishikio ni ushahidi kwamba mlango umeshuka upande mmoja.

Seti nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii zina shoki mbili zenye mota ndani yake, kisanduku cha kompyuta, fungu la waya, swichi moja ya ndani na nyingine ya kwenye mlango, na mara nyingine kitasa kipya kinachouvuta mlango chenyewe. Ndani ya kila shoki mota huzungusha parafujo ndefu inayoirefusha au kuifupisha, na pembeni yake kuna springi inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Springi hiyo ndiyo sababu ya kununua seti iliyotengenezwa kwa modeli ya gari lako hasa, na si ile ambayo urefu wake tu unalingana. Tuchukue mlango wa kilo 30 ambao kitovu cha uzito wake kiko nusu mita kutoka kwenye bawaba. Ukiwa umelala sawa na ardhi, unavuta kwa takriban nyutoni-mita 147. Na ikiwa shoki zinasukuma kwa mkono wa sentimita 12 kutoka kwenye bawaba, kila moja italazimika kutoa zaidi ya nyutoni 600 ili kuusimamisha tu. Shoki ya gesi iliyokuja na gari huwa imeandikwa nguvu yake ubavuni kwa nyutoni, na namba hiyo ndiyo ya kumwonyesha muuzaji. Springi ikiwa dhaifu mota itabeba mzigo usio wake. Ikiwa kali mno, mlango utagoma kushuka.

Fungua mlango wa nyuma kabla ya kuchomoa betri. Jambo hili linaonekana dogo hadi siku utakapochomoa betri huku mlango wenye kitasa cha umeme ukiwa umefungwa na vifaa vyako vyote vikiwa ndani. Ukishachomoa waya wa hasi, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa nguzo za nyuma, kwa maana kwenye magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni waya zake hupita karibu na mahali utakapofanyia kazi. Kava za plastiki za gari la zamani hupasuka kwa urahisi zikiwa baridi, hivyo zipashe joto kidogo na uzibandue kwa kipande cha plastiki badala ya bisibisi.

Shoki hubadilishwa moja baada ya nyingine, mlango ukiwa umeegemezwa kwenye gongo imara lenye kitambaa nchani. Inua klipu ya kichwa cha shoki kwa bisibisi bapa ndogo, bila kuing'oa kabisa, na kichwa kitatoka kwenye gololi yake. Usitoboe shoki ya gesi uliyoitoa: ndani yake kuna naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa. Shoki ya mota ni nene kuliko ile ya gesi, kwa hiyo kabla ya kuendelea shusha mlango polepole ukichungulia kama inalala kwenye mfereji wake bila kuubana mpira wa mlango.

Waya ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kisanduku kinahitaji moto wa kudumu, yaani umeme usiokatika hata gari likizimwa, kutoka kwenye betri, na fyuzi iliyotajwa na mtengenezaji wa seti inapaswa kukaa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote njiani, fyuzi ndiyo iungue wala si gari. Usichukue moto huo kutoka kwenye taa ya buti au soketi ya sigara kwa kuwa tu iko karibu. Mota mbili zikianza kunyanyua zinaweza kuvuta ampia 20. Kwenye waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 4, karibu volti moja nzima hupotea njiani, ilhali kwenye waya wa milimita mraba 4 hupotea takriban theluthi moja ya volti. Gari la zamani lenye betri iliyochoka haliwezi kumudu hasara ya kwanza. Ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, nayo ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae, kisha ipakwe grisi juu ili kutu isirudi.

Mpira unaopitisha waya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni unahitaji subira. Mara ya kwanza kufanya kazi hii nilipitisha waya mpya zikiwa zimenyooka vizuri, nikaridhika na unadhifu wake. Baada ya wiki chache mlango ukaanza kusimama katikati, tena siku nyingine tu. Nilipouchomoa mpira nilikuta waya mmoja umekatika ndani ya ganda lake, kwa sababu kila mlango ulipofunguka ulivutwa. Waya za hapo ziachiwe ulegevu, zisiwe na kiungo chochote ndani ya mpira, na mpira wenyewe ukae kwenye tundu lake kwa ukamilifu, kwa maana maji yakipita hapo huteremka moja kwa moja hadi kwenye kisanduku. Ukiwa hapo, chunguza pia waya za zamani, kwani kwenye gari lenye umri ganda lake huwa limekwisha kupasuka.

Kisanduku kinahitaji pia kujua kama gari limefunguliwa na kama limesimama. Kwenye gari lisilo na mtandao wa kompyuta, ishara ya kwanza hutoka kwenye waya wa kitasa cha mlango, na utaupata kwa mita ya umeme: huonyesha volti 12 kwa kitambo kifupi rimoti inapobonyezwa. Usitumie testa ya balbu kwenye waya usizozijua, kwani balbu huvuta umeme wa kutosha kuunguza kompyuta. Ishara ya pili, iwe ya breki ya mkono, gia au mwendo, isirukwe hata kama mfumo unafanya kazi bila hiyo. Mlango unaoweza kufunguka gari likiwa barabarani ni hatari.

Kati ya nyongeza zinazouzwa, ningelipia kitasa kinachojivuta na kuiacha sensa ya mguu, ile inayofungua mlango ukipitisha mguu chini ya bampa. Mlango unapokaribia kufungwa, shoki huwa zimelala kiasi kwamba mstari wa nguvu yake hupita karibu kabisa na bawaba, hivyo nguvu hiyo nyingi hupotea pale pale ambapo mpira unahitaji kugandamizwa. Kitasa kinachojivuta humaliza sentimita hizo za mwisho. Hakikisha tu kwamba njia ya kukifungua kwa mkono bado ipo.

Rudisha betri, kisha ufundishe kisanduku urefu wa safari ya mlango kwa utaratibu wa seti yako, ambao kwa kawaida ni kuufunga kwa mkono, kuufungua hadi mwisho na kushikilia swichi mpaka mlio usikike. Pima kimo kwanza kama gari hulala chini ya dari fupi. Kisha jaribu kinga ya kubana kwa boksi tupu la karatasi, kamwe si kwa mkono: mlango ukiligusa unapaswa kusimama na kurudi juu bila kulibonyeza. Ukilibonyeza, punguza nguvu kwenye mpangilio wa kisanduku.

Jaribio la mwisho hufanywa gari likiwa limefungwa. Unganisha mita ya umeme kati ya waya wa hasi na betri, funga milango, na usubiri nusu saa ili kompyuta zilale. Gari la zamani lililotulia halipaswi kuvuta zaidi ya takriban miliampia 50. Ukisoma 300, kisanduku hakilali, na betri ya ampia-saa 60 itakuwa imepoteza nusu ya umeme wake baada ya siku 4 hivi. Chomoa fyuzi ya mfumo mpya huku ukiitazama mita. Namba ikianguka, rudi kwenye waya wa ishara ya kitasa, kwani mara nyingi umeunganishwa mahali penye moto wa kudumu.