SOMO: Kuvijua vitoto vya sungura vinavyofanana, kimoja kimoja

Assalaam alaykum wafugaji wenzangu wa Unguja na Pemba. Suali hili naulizwa kila wiki: "Nina vitoto vinane vyote vyeupe, nitakijuaje kile kilichokuwa hakinyonyi jana?" Nimechoka kulijibu kwa vipande vipande, kwa hivyo leo naliandika lote. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Kwanza mjue kwa nini tunahangaika. Mama sungura hakai na watoto mchana kutwa kama mbuzi. Huingia kiotani mara moja au mbili kwa siku, aghlabu usiku au alfajiri, hunyonyesha dakika chache akatoka. Kitoto kilichokosa ziwa zamu hiyo kinaweza kusubiri hadi kesho yake. Ukivitazama vyote pamoja utasema vimenona, na katikati yao kimoja kinakufa njaa. Bila ya alama huwezi kukifuatilia.

Tayarisha mizani ya jikoni inayosoma gramu, bakuli lenye kitambaa, makapeni ya wino usiotoka kwa maji, rangi ya kucha na daftari.

Hatua ya 1. Mtoe mama tunduni, mpe majani yake ale pembeni.

Hatua ya 2. Osha mikono, kisha ifikiche kwa majani ya kiota. Usije umejifukiza udi wala kujipaka mafuta ya kunukia. Maneno kwamba mama atawakataa watoto kwa sababu tu mtu amewashika si kweli. Harufu kali ndiyo inayomtia wasiwasi.

Hatua ya 3. Hesabu, ondoa waliokufa, pima mmoja mmoja, andika. Gramu 40 hadi 60 ni kawaida siku ya kuzaliwa.

Hatua ya 4. Soma ngozi kabla manyoya hayajaota. Kitakachokuwa cheusi huwa na ngozi ya kiza tangu mwanzo, cheupe huwa cha waridi. Mabaka ya sungura wa Dutch huonekana mapema, kwa hivyo chora umbo la sungura daftarini utie mabaka ya kila kitoto. Hao hawahitaji wino. Ila msidanganyike na Californian. Wao huzaliwa wote wamefanana, na weusi wa pua, masikio, miguu na mkia huja baadaye kwa kufuata baridi: sehemu ya mwili iliyo na ubaridi zaidi ndiyo inayoshika rangi. Kwa joto letu, hasa kipindi cha kaskazi, weusi huo hupauka. Na kitoto kilichopigwa na baridi kiotani kinaweza kuota kijivu mgongoni, halafu kikabadilisha manyoya na kijivu kikaondoka. Mtu aliyeandika "yule mwenye kijivu" hubaki hana kitu.

Hatua ya 5. Tia alama. Siku za mwanzo, kitoto kikiwa uchi, weka nukta au mstari wa wino mgongoni. Tumboni hapafai, panasuguana na kiota. Manyoya yakianza kufunika ngozi, hamia ndani ya sikio na kwenye kucha za miguu ya nyuma, kila kitoto na ukucha wake. Rangi ya kucha ikauke kabisa mkononi mwako kabla hujakirudisha.

Hatua ya 6, na hapa ndipo watu wanapopotea. Wino haukai. Mama analamba, ngozi inatanuka, vitoto vinasuguana, na baada ya siku mbili tatu nukta imeondoka. Fanya upya alama zote kila siku ya pili, hata kama bado zinaonekana. Shika kimoja, kisome, kipime, kitie wino, kirudishe, ndipo uchukue cha pili. Usitoe viwili kwa mpigo. Na kitu kikubwa kuliko vyote: usiache kimoja bila ya alama ukasema "huyu ndiye asiye na alama". Siku cha pili kitakapofutika utakuwa na viwili visivyo na alama, na daftari lako lote limeharibika. Mimi uzao mzima ulinipotea kwa njia hiyo. Kila kitoto kiwe na alama yake, hata cha mwisho.

TAHADHARI: Msifunge uzi, mpira wala utepe mguuni au shingoni. Kitoto hukaribia kuongeza uzito wake maradufu ndani ya wiki moja. Uzi uliokuwa umelegea leo unazama nyamani, manyoya yanaufunika, na utakapouona mguu umeshakufa.

Hatua ya 7. Wakiachishwa ziwa, kati ya wiki ya tano na ya sita, tenganisha matundu na uyaandike, au wachanjwe namba ya wino sikioni na mtu anayeijua kazi hiyo.

MASUALI

Mfugaji wa Fuoni: Nikitumia uzi laini wa sufi, usiokaza, haina neno?
Jibu: Ina neno. Rudi kwenye tahadhari.

Dada wa Wete: Ahsante kwa somo. Piko jee? Nyumbani ipo, na hina pia, na rangi zake hazitoki upesi.
Jibu: Suali zuri dada yangu, na najua wengine wanalifikiria. Piko mbali kabisa. Ile ni dawa ya kutia nywele rangi, inaunguza hata ngozi za watu wazima, sembuse kitoto cha siku mbili. Hina ya majani haina ukali huo, lakini lazima ikae mbichi saa nyingi ndipo ikolee. Kitoto kikilowana kinapata baridi, na mama atailamba yote imwingie tumboni. Baki na makapeni.

Mfugaji wa Bububu: Nimefuata somo lako, nimewashika siku ya kwanza, usiku mama amekula wawili. Usifundishe watu uongo.
Jibu: Pole kwa hasara. Lakini nijibu mambo mawili: ni uzao wake wa kwanza? Na maji yalikuwemo usiku?
Mfugaji wa Bububu: Wa kwanza. Maji yalikuwa yamekwisha.
Jibu: Jike anayezaa kisha akakosa maji anaweza kula watoto, na wa kwanza ndio wasiwasi zaidi. Tia maji mengi kabla ya kulala, wiki nzima ya uzazi. Kuwashika hakukuwaua.

Kijana wa Konde: Mwalimu, uzito ukipungua nitajuaje kuwa hakikunyonya na si mizani tu?
Jibu: Pima wakati mmoja kila siku, asubuhi. Kisha tazama tumbo. Kilichoshiba kina tumbo la duara, limekaza, mara nyingine utaona weupe wa maziwa chini ya ngozi. Chenye njaa kina mikunjo. Kikikosa, kesho yake kitie kwa mama peke yake kwanza, kinyonye, ndipo uvirudishe vingine. Na njia bora kuliko zote: pandisha majike wawili siku moja, mmoja mweupe kwa dume mweupe, mwingine mweusi kwa dume mweusi. Uzao wa mmoja ukiwa mkubwa unahamishia vitoto kwa mwenzake, na kwa kawaida rangi yenyewe inakwambia nani wa nani.
Kijana wa Konde: Hilo la majike wawili sikuwahi kulifikiria. Nitalifanya.

Mfugaji wa Mkoani: Dume na jike unawajuaje wakiwa na siku tano?
Jibu: Hili si somo lake. Ngoja mpaka waachishwe ziwa.

Dada wa Wete: Samahani, nje ya mada. Sisimizi wanaingia kiotani kwangu.
Jibu: Hao wanaua kweli, usisubiri. Weka kila mguu wa tundu ndani ya mkebe wa maji uliotiwa mafuta machafu kidogo juu, na majani yasigusane na ukuta.

Kijana wa Konde: Masika mkebe ukijaa mvua, mafuta humwagika nje, maana yanaelea. Mimi hutoboa tundu dogo ubavuni, inchi moja chini ya mdomo, nikaingiza kipande cha mrija kinachoanzia karibu na kitako cha mkebe. Maji ya chini yanatoka, mafuta yanabaki.
Jibu: Hii nzuri. Mrija wa kiasi gani?
Kijana wa Konde: Ule wa kunywea soda, lakini mgumu. Laini huminyika.