Namna ya Kusoma Visa vya Makaisari wa Roma

Visa vya makaisari wa Roma ya kale vina utamu wake, na utamu huo ndio unaowaponza wasomaji: wengine huvimeza vyote kama vilivyo, na wengine, wakigundua kwamba kimoja kimetiwa chumvi, huvitupa vyote. Ninachopendekeza ni kukisoma kila kisa mara mbili, mara ya kwanza ukimchunguza msimulizi, na mara ya pili ukimweka kaisari kando ili uyatazame yaliyomzunguka. Msimulizi aliweza kuwa na sababu nyingi za kumsingizia mtawala aliyekwisha kufa, lakini hakuwa na haja ya kudanganya kuhusu nguo, mikate na kelele za mtaani, kwa maana wasomaji wake waliishi navyo kila siku.

Anza na kisa cha Caligula, aliyeuawa mwaka 41, na farasi wake Incitatus. Husemwa kwamba alimfanya farasi huyo kuwa konsuli, yaani mmoja wa wale wakuu wawili wa dola waliobadilishwa kila mwaka. Suetonius, aliyekiandika kisa hiki, alizaliwa miaka 30 hivi baada ya kifo cha Caligula, na hata yeye hasemi kwamba jambo hilo lilitendeka. Anasema tu kwamba inasimuliwa kuwa Caligula alikusudia kulitenda. Ukikutana na neno kama hilo "inasimuliwa", lipigie mstari, kwa sababu hapo mwandishi mwenyewe amekwisha kujitoa katika dhamana.

Sasa kirudie. Incitatus alikuwa na banda la marumaru, hori la pembe za ndovu, matandiko ya zambarau na mikufu ya vito, na siku moja kabla ya mashindano ya magari ya farasi askari walitumwa kuwaamuru majirani wanyamaze ili asisumbuliwe. Amri ya kunyamaza haitolewi penye kimya. Ndani ya sentensi hiyo moja umo mji wenye makelele, na umo ushabiki wa mbio uliowapagawisha Warumi, waliogawanyika kwa rangi za timu zao. Caligula mwenyewe alikuwa wa kijani.

Kisa cha Vespasianus ndicho ninachokipenda zaidi. Alishika madaraka mwaka 69, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakuta hazina imekauka, na miongoni mwa kodi alizoanzisha ilikuwamo kodi ya mkojo. Mwanawe Titus alipolalamika, baba alitwaa sarafu iliyotokana na malipo ya kwanza, akamsogezea puani, akamwuliza kama inanuka. Titus akajibu kwamba hainuki, na baba akamwambia, "Lakini imetoka kwenye mkojo." Huenda mazungumzo hayo yamenogeshwa, ila uliza: kwa nini mkojo utozwe kodi? Ni kwa sababu madobi waliuhitaji. Mkojo uliokaa muda mrefu hutoa amonia, nayo huondoa mafuta katika sufu, kwa hiyo wafanyakazi waliingia kwenye beseni na kuzikanyaga nguo za watu kwa miguu. Hapa usitegemee maandishi peke yake, kwani katika Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, karakana za madobi zimefukuliwa pamoja na mabeseni yao.

Hadithi ya Nero kupiga fidla Roma ikiungua mwaka 64 haihitaji muda mrefu, maana ala hiyo ilibuniwa karne nyingi baadaye. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba moto ulipoanza Nero alikuwa Antium, mji wa pwani nje ya Roma, na kwamba habari za yeye kuimba huku mji ukiungua zilikuwa uvumi. La kushika ni mahali moto ulipoanzia: kwenye maduka yaliyopakana na uwanja wa mbio, yaliyojaa bidhaa zinazoshika moto upesi.

Jihadhari pia na kisa kisicho na msimulizi yeyote wa kale. Vile vyumba ambamo walafi eti walikwenda kutapika ili warudi mezani havikuwapo. "Vomitorium" ilikuwa njia ya kupitishia umati katika kumbi za maonyesho.

Ukitaka kujizoeza, chukua habari ya Augustus. Suetonius anasema kwamba wakati wa baridi kaisari huyo alivaa kanzu nne chini ya toga nzito, yaani lile vazi la nje la Kirumi la kujizungushia mwilini, pamoja na fulana, kizibao cha sufu na vitambaa vya kufungia mapaja na miundi. Mwache Augustus na afya yake dhaifu, kisha jiulize nyumba za Roma zilikuwaje mwezi Januari, ikiwa mwenye dola nzima alilazimika kujifunika hivyo.