Kete ya peke yake: hesabu hatua kabla ya kuiacha

Hapa kijiweni Majengo, Dodoma, wengi wetu tumeingia kwenye bakigamoni (mchezo wa ubao wa watu wawili, wa kete na dadu mbili) tukitokea ludo, na tumekuja na ugonjwa wake: kukimbiza kete mbele bila kuangalia nani yuko nyuma. Sasa sikia. Dadu mbili zina matokeo 36. Kete yako ikibaki peke yake na kete ya mpinzani iko hatua 6 mbele yake, matokeo 17 yanaila, karibu nusu. Akiwa hatua 7, ni 6 tu. Tofauti ya hatua moja! Kwa hiyo kama huna budi kuiacha wazi, ipeleke mbali zaidi ya hatua 6. Ikishindikana, isogeze karibu naye kabisa. Hatua 1 ni matokeo 11.

Na ukifungua mchezo kwa 3 na 1, acha mbio. Toa kete moja nyumba ya 8 (nyumba zinahesabiwa kuanzia mwisho wa safari yako), nyingine ya 6, zikutane ya 5, isibaki ya peke yake hapo. 4 na 2 vilevile, zikutane ya 4. Mimi nilichelewa sana kuamini hili, nikalipa soda nyingi.